Chelezo cha Méduse: mbona watu wenye njaa wana misuli?

Msomaji mmoja wa Tanga anayejiandaa kwa mtihani wa sanaa ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Tumeonyeshwa picha ya Géricault ya chelezo cha Méduse, tukaambiwa ni tukio la kweli. Lakini nimesoma kwamba watu wale walikaa siku 13 baharini karibu bila chakula, wakaungua na jua, wakafikia kulana. Mbona kwenye picha wana misuli kama wanamieleka? Meli yenyewe iko wapi? Na yule Mwafrika aliye juu kabisa ni nani? Je, mchoraji alidanganya?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba neno "kweli" halikukupita hivi hivi. Picha hii ya Mfaransa Géricault, ya watu walioachwa juu ya chelezo, yaani magogo yaliyofungwa pamoja yaelee, nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila mwaka yupo mwanafunzi anayeiona misuli ile akakunja uso. Géricault hakudanganya. Alijua karibu kila kilichotokea juu ya chelezo kile, pengine kuliko mtu yeyote ambaye hakuwamo, kisha akachagua. Basi nianze na alichokijua, ndipo utaona alichokiacha.

Méduse ilikuwa manowari ya Ufaransa. Ilitweka tanga karibu na Rochefort tarehe 17 Juni 1816, pamoja na vyombo vingine vitatu, Écho, Loire na Argus, kwenda Saint-Louis, Senegal. Waingereza walikuwa wameuteka mji ule wakati wa vita vya Napoleon na sasa walikuwa wanaurudisha, kwa hiyo chomboni alikuwamo gavana mpya, Schmaltz, na maofisa wake, askari, mabaharia na familia, jumla watu kama 400. Nahodha alikuwa Hugues Duroy de Chaumareys. Huyu hakuwa ameongoza chombo kwa zaidi ya miaka 20. Alikabidhiwa manowari kwa sababu alisimama upande wa mfalme siku za mapinduzi, na ufalme uliporudi watu wa namna yake wakalipwa vyeo. Alikwenda kasi akawaacha wenzake nyuma, akamsikiliza abiria mmoja, Richefort, aliyejidai kuijua pwani ile, na tarehe 2 Julai Méduse ikapanda fungu la mchanga la Arguin, kwenye pwani ambayo leo ni ya Mauritania.

Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo hili utalielewa upesi kuliko mtu wa Paris. Walipanda fungu wakati wa bamvua, maji yamejaa kabisa. Chombo kikikwama maji mafu, yaani siku maji yanapojaa kidogo tu, unangoja bamvua likunyanyue. Kikikwama bamvua likiwa kileleni, kila maji yajayo yatakuwa pungufu kuliko yale yaliyokupandisha. Njia iliyobaki ni kupunguza uzito, na kizito kuliko vyote ni mizinga. Nahodha hakukubali mizinga itupwe.

Mashua sita hazikutosha. Wakafunga chelezo kwa vipande vya milingoti, foromali (miti ya kutungikia tanga) na mbao, urefu kama mita 20, upana kama mita 7, wakapakia juu yake watu 147: askari na mabaharia wa kawaida kwa wingi, maofisa wachache, na mwanamke mmoja. Wakubwa, gavana na nahodha wakiwamo, walipata nafasi kwenye mashua. Watu 17 walibaki kwenye manowari yenyewe. Chelezo kilididimia kwa uzito hata watu wakawa wamesimama majini hadi kiunoni. Mashua zilitakiwa kukifungasa mpaka nchi kavu. Hazikufika mbali, kamba zikaachiwa, mashua zikaenda zao.

Yaliyofuata tunayajua kwa sababu wawili kati ya walionusurika, daktari Henri Savigny na mhandisi Alexandre Corréard, waliyaandika. Chakula kilikuwa mfuko mmoja wa biskuti zilizolowa, ukaisha siku ya kwanza. Kulikuwa na mapipa ya mvinyo na maji kidogo, na maji yenyewe yalipotea watu walipopigana. Usiku wa kwanza walitoweka kama 20. Kisha askari wakaasi, maofisa wakawakata kwa panga na shoka, na kulipopambazuka maiti zilikuwa zimebanwa kati ya magogo. Baada ya siku chache wakaanza kula nyama ya waliokufa. Walipobaki kama 27, wenye nguvu walifanya shauri wakawatupa baharini waliokuwa mahututi ili mvinyo uwatoshe wengine. Yule mwanamke, aliyekuwa amevunjika paja kati ya magogo, alitupwa pamoja na mumewe. Kuna jambo dogo katika masimulizi hayo ambalo silisahau: siku moja kipepeo mweupe alitokea juu yao, na wapo waliomtazama kama chakula, na wapo waliosema ni ishara kwamba nchi kavu i karibu. Tarehe 17 Julai Argus iliwakuta wakiwa hai 15. Watano kati yao walikufa baada ya muda mfupi.

Taarifa ya Savigny ilivuja ikachapwa gazetini Paris mwezi Septemba mwaka huo huo, na kitabu cha wale wawili kikatoka 1817. Ufaransa nzima ikaona kwamba nahodha aliyepewa cheo kwa upendeleo ameua watu. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu Chaumareys kifungo cha miaka 3 tu.

Sasa njoo kwa mchoraji. Théodore Géricault alizaliwa Rouen mwaka 1791, kwa hiyo alipoianza kazi hii mwaka 1818 alikuwa na miaka 27, ametoka Italia karibuni, na hakuna mtu wala ofisi iliyomwagiza aichore. Aliwatafuta Savigny na Corréard, akakaa nao, akawahoji. Akampata fundi seremala wa Méduse aliyekuwamo kwenye chelezo na kunusurika, akamwomba amtengenezee mfano mdogo wa chelezo kile, gogo kwa gogo. Akapanga chumba kikubwa jirani na hospitali ya Beaujon ili awe anawaona wagonjwa mahututi. Alichukua viungo vya maiti akaviweka chumbani mwake, akavichora kadiri vilivyokuwa vikibadilika rangi na kuoza. Michoro ile ipo: mkono na miguu miwili vimelazwa pamoja juu ya kitambaa, rangi ya kijivu inayoelekea kijani, na vichwa vya watu waliokatwa. Alinyoa nywele zake, akajifungia, akafanya kazi karibu miezi minane.

Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa alichora mwili ulionona kwa kutojua mwili wenye njaa unafananaje. Na hata ulaji wa watu alikwisha uchora. Katika michoro yake ya matayarisho yumo mtu anayetafuna mkono wa maiti, yamo maasi, upo uokoaji wenyewe mashua ikisogea. Yote hayo aliyajaribu, akayaweka kando. Katika turubai lenyewe kilichobaki cha mauaji yale ni kitu kimoja: tazama upande wa kulia, karibu na ukingo wa chelezo, kuna shoka lenye damu. Wanafunzi wangu wengi hulipita bila kuliona. Wakishaliona, hawaioni tena picha kama walivyoiona mwanzo.

Kwa nini basi misuli? Nitakwambia ninavyoelewa mimi, kama mtu anayeshika brashi. Kwanza, Géricault alikuwa ametoka Roma, ameyatazama kwa karibu makundi ya miili ya Michelangelo, na alikuwa ameshakubali kwamba mwili wa mtu, mgongo, bega, paja, unaweza kusema jambo zito bila msaada wa uso. Hesabu nyuso unazoziona sawasawa katika picha hii. Ni chache. Wengi wamekupa mgongo. Tumaini lote la picha limechorwa kwa migongo na mikono, na mgongo usio na nyama hauwezi kubeba kazi hiyo.

Pili, na hili ndilo muhimu zaidi kwangu, angalia jinsi watu walivyopangwa. Anza chini kushoto walipo maiti, panda kwa walio hoi, kisha waliopiga magoti, kisha waliosimama wakishikana, mpaka yule aliye juu ya pipa anayepunga kitambaa. Ni mlima wa watu, na kila mmoja anasukumwa na aliye chini yake. Kwa mkabala wake, upande wa kushoto, upo mlima mwingine wa mlingoti na kamba zake. Ukichora watu wale wamekonda mpaka mbavu, mlima wa kwanza unabomoka. Utapata chelezo chenye wagonjwa, utawahurumia, utageuza uso. Géricault alitaka uvutwe kupanda juu pamoja nao.

Ukitaka kuona njaa na kifo, vimo, ila amevitia kwenye rangi ya ngozi. Mtazame kijana aliyelala mapajani mwa mzee, kushoto. Umbo lake ni zuri, lakini ngozi imekwisha kuwa ya kijivu, na miguuni bado ana soksi nyeupe. Soksi hizo hunigusa kuliko maiti nyingine zote. Kijana mzuri aliye uchi angeweza kuwa sanamu ya Kiyunani. Ukimvika soksi, anakuwa mtoto wa mtu. Mzee aliyemshika amejifunika kitambaa chekundu, ameegemeza kichwa mkononi, na ndiye mtu ambaye hatazami chombo kinachokuja. Wenzake wanapiga kelele nyuma yake, na yeye hageuki. Kidogo mbele, yule aliyelala kifudifudi mkono umenyooka ni Eugène Delacroix, ambaye baadaye alikuja kuwa mchoraji mkubwa. Alikuwa kijana wa miaka 20 hivi, akamkalia rafiki yake Géricault kama kielelezo, yaani mtu wa kuchorwa.

Umeuliza kuhusu Mwafrika. Hapa pana majibu mawili, na usiyachanganye kwenye mtihani. Kati ya wale 15 waliookolewa alikuwamo askari mweusi mmoja, jina lake Jean Charles, naye alikuwa miongoni mwa waliokufa muda mfupi baadaye. Huyo ni mtu wa kwenye tukio. Aliyekaa mbele ya Géricault achorwe ni mwingine: mtu aliyejulikana kwa jina la Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Joseph alikuja Paris akafanya kazi na kundi la wanasarakasi, kisha akawa kielelezo maarufu wa wachoraji kwa miaka mingi. Ukiujua usanii wake wa sarakasi, unaelewa kwa nini mgongo ule umesimama imara juu ya pipa linaloyumba.

Kitabu cha Savigny na Corréard kinasema walinyoosha pete za mapipa, wakafunga vitambaa vya rangi mbalimbali kwenye ncha zake, na mtu mmoja akasaidiwa na wenzake kupanda juu kuvipunga. Hakimtaji kwa jina. Kumweka mtu mweusi kwenye kilele kulikuwa uamuzi wa Géricault mwenyewe, na alifanya zaidi ya hapo: katika picha watu weusi ni watatu, ingawa aliyenusurika alikuwa mmoja. Fikiria mwaka wenyewe. Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa kwa sheria ya 1818, lakini majahazi yalikuwa bado yanawavusha kwa siri, na utumwa wenyewe katika makoloni yake haukukomeshwa hadi 1848. Méduse ilikuwa inakwenda Senegal, pwani iliyokuwa imepakia watumwa kwa miaka mingi. Corréard alikuwa mtu wa kupinga utumwa, na Géricault baadaye alichora michoro ya kutayarisha picha kubwa juu ya biashara ile, akafa hajaitekeleza. Wapo wanaosema rangi ya yule mtu ni suala la umbo tu, kwamba mwili mweusi ulisimama vizuri mbele ya anga la njano. Siwakubali. Katika picha kubwa za Ulaya za siku zile mtu mweusi aliwekwa pembeni, ameshika sinia au farasi. Hapa uzima wa wote umewekwa mkononi mwake.

Sasa meli. Méduse haimo kwa sababu wakati huo ilikuwa mbali, imekwama fungu lake. (Wale 17 waliobaki humo, walipofikiwa zaidi ya siku 50 baadaye, watatu tu walikuwa hai.) Chombo unachokiona, kama ulibahatika kukiona, ni Argus. Kiko kwenye upeo wa macho upande wa kulia, kidogo kiasi kwamba kwenye picha za vitabuni huonekana kama doa la mchapishaji. Turubai lina urefu wa mita 4.91 kwenda juu na mita 7.16 kwenda upande. Watu wa mbele ni wakubwa kuliko mtu halisi. Na chombo cha kuwaokoa ni alama chache tu za brashi. Niliposimama mbele yake kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, kwenye chumba chenye kuta nyekundu, niliona kitu ambacho hakuna nakala inayokionyesha: ukingo wa chelezo uko chini kabisa, unakaribia kukanyagika, kana kwamba ukipiga hatua moja utakuwa juu ya magogo. Lakini Argus ilibidi niitafute.

Tena angalia tanga. Tanga la chelezo limejaa upepo unaolisukuma kwenda kushoto. Watu wote wanajivuta kwenda kulia. Mtu wa bara huenda asilitambue hili mara moja, ila mtu wa pwani anapaswa kulisoma kama anavyosoma bendera: upepo unawapeleka mbali na chombo wanachokiita.

Ilipotundikwa kwenye maonyesho ya Salon ya mwaka 1819, jina la Méduse halikutajwa. Iliandikwa "Scène de naufrage" tu, yaani mandhari ya kuvunjikiwa chombo. Hakuna aliyepotezwa na jina hilo. Paris yote ilijua ni chelezo kipi. Waliokuwa wakiipinga serikali waliisifu, waliokuwa upande wake waliiona kama rundo la maiti. Wakosoaji walisumbuliwa na jambo jingine pia: ukubwa ule wa turubai ulikuwa umewekewa wafalme, miungu na majemadari, na hapa hapakuwa na jemadari wala bendera, ni mabaharia na askari wasio na majina. Alipewa medali, lakini picha haikununuliwa. Mwaka uliofuata aliipeleka London, ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa maonyesho wa Egyptian Hall, Piccadilly, ambako ilitundikwa chini watu waione kwa karibu, wakaja kama 40,000. Louvre iliinunua mwaka 1824, miezi michache baada ya yeye kufa akiwa na miaka 32. Kwenye kaburi lake, makaburi ya Père Lachaise, chelezo hicho kimechongwa kwa shaba.

Jambo moja la ufundi, kwa sababu mtihani wako una sehemu ya malighafi. Ili apate weusi wa kina, Géricault alichanganya rangi na lami. Lami ikiwa mbichi inang'aa vizuri mno. Lakini haikauki sawasawa. Joto likipanda inalainika, inajikunja, inapasuka, na inaendelea kuwa nyeusi mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana sehemu za vivuli zimemezwa, na huo weusi unaouona leo si wote aliouweka yeye. Hali ilitisha hata mwaka 1859 na 1860 wachoraji wawili, Guillemet na Ronjat, wakatengeneza nakala ya ukubwa ule ule, iliyopo makumbusho ya Amiens. Kwa hiyo ukipata nakala mbili za picha hii zenye mwanga tofauti, usidhani ni kosa la mpiga chapa.

Nimebakiza jambo la mwisho, nalo linarudi kwenye swali lako la kudanganya. Asubuhi ile ya tarehe 17 Julai waliiona Argus mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mbali. Walipunga vitambaa kwa kama nusu saa, wakati mwingine wakidhani inakuja, wakati mwingine wakidhani inakwenda, kisha ikatoweka. Wakaingia chini ya turubai walilokuwa wamelitandaza kama hema, wakalala wangoje kufa, na mmoja akapendekeza waandike majina yao kwenye ubao pamoja na habari za safari yao, wautundike juu ya mlingoti. Yapata saa mbili zilipita. Mkuu wa wapiga mizinga alipotoka nje ndipo alipopiga ukelele: chombo kilikuwa karibu, matanga yote wazi, kinawajia.

Géricault aliyasikia yote hayo kutoka kwa waliokuwamo. Angeweza kuchora saa ile ya pili, na kila mtu angemwelewa. Alichora ya kwanza. Joseph yuko juu ya pipa, kitambaa kinapepea, mzee hageuki, na Argus bado haijawaona.